Kelele za upepo kwenye pikipiki: namna ya kuzipunguza na kuyalinda masikio

Ukiwa kwenye foleni ya Mwenge, Dar es Salaam, kelele unazosikia ni za honi, bomba la moshi la jirani na kondakta anayeita abiria. Barabara ikifunguka na mshale wa spidi ukapita 60 hivi, mambo hubadilika. Injini inafunikwa, unabaki na upepo tu. Upepo huo hupiga kelele pale unapokwaruza helmeti, au elementi kama wengi wanavyoiita kijiweni, na sehemu mbaya zaidi ni ukingo wa chini, chini ya kidevu na nyuma ya shavu, sentimita chache tu kutoka sikioni.

Tuseme la msingi mapema: hakuna helmeti, hata ya bei mbaya, inayotosha peke yake kuyalinda masikio kwenye mwendo wa barabara kuu. Kazi hiyo ni ya vizibo vya masikio. Helmeti, kioo na koti vinapunguza kero na uchovu, lakini kama pesa ni ya kitu kimoja wiki hii, nunua vizibo.

Kelele kiasi gani, kwa muda gani

Kikomo wanachokitumia sana wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama unakatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni nusu saa, 100 ni dakika 15. Sasa weka hesabu hiyo barabarani. Ndani ya helmeti iliyofunika uso mzima, kwenye kilomita 80 kwa saa, kelele hukaribia desibeli 90. Kwenye 100 hufika 95 hadi 100, ikitegemea helmeti na umbo la pikipiki. Helmeti ya wazi, ile isiyofunika kidevu, ina kelele zaidi.

Dereva anayepeleka mizigo Kibaha kutoka katikati ya jiji anakwenda kama kilomita 40. Akienda na kurudi mara 2 kwa siku ni kilomita 160. Hata kama nusu tu ya njia hiyo anaikimbiza kwa 80, tayari ni saa nzima ya upepo masikioni, na bado hajahesabu honi na malori. Kesho tena, na keshokutwa.

Kinachoharibika ni vinywele vidogo mno vilivyo ndani kabisa ya sikio, vinavyogeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa ya kupeleka kwenye ubongo. Vikifa havioti tena. Dalili ya kwanza ni masikio kulia au kuziba baada ya safari, halafu yanafunguka baada ya saa kadhaa, na mtu anadhani yamepona. Yakilia hivyo mara kwa mara, sehemu ya uwezo wa kusikia huwa inabaki barabarani. Zinaanza kupotea sauti nyembamba, za hertzi 3,000 hadi 6,000, ndiyo maana mtu husema anasikia watu wanaongea ila hashiki maneno. Herufi s, f na sh ndizo zinazomponyoka. Mteja anasema "Sinza" yeye anapata "inza".

Kuvaa vizibo ipasavyo

Vile vya sponji laini, rangi ya chungwa au njano, vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, hasa Kariakoo na Gerezani, na kwenye baadhi ya famasi. Chagua visivyo na kamba. Kamba hunaswa na helmeti na kuvivuta nje. Tatizo kubwa la vizibo hivi ni uvaaji. Watu wengi huchomeka kama mtu anayefunga chupa, kizibo kikabaki nusu nje, kisha wanasema havisaidii kitu. Fanya hivi:

1. Nawa mikono, au walau ifute vizuri. Mafuta ya cheni na vumbi vikiingia sikioni pamoja na jasho la Dar vinaleta muwasho na vidonda.
2. Visokote kati ya vidole, kimoja kimoja, mpaka kiwe kama kijiti chembamba kisicho na mikunjo. Ukikibana kikapinda, upepo utapitia kwenye mkunjo.
3. Kwa sikio la kushoto, pitisha mkono wa kulia nyuma ya kichwa, shika sehemu ya juu ya sikio na ulivute juu na nyuma. Tundu la sikio limepinda. Kulivuta ndiko kunakolinyoosha.
4. Ingiza kizibo upesi kabla hakijavimba, kisha kishikilie kwa ncha ya kidole kwa sekunde 30. Usiachie mapema. Kikianza kuvimba kabla hujakifikisha, kinarudi nje chenyewe.
5. Rudia upande wa pili kwa mkono wa kushoto.

Sasa kagua. Sema kitu kwa sauti ya kawaida: sauti yako inapaswa kusikika kama unaongea ukiwa umeingiza kichwa ndani ya pipa. Halafu, penye kelele, funika masikio kwa viganja kisha ondoa. Ukisikia tofauti kubwa, vizibo havijakaa. Toa, sokota upya. Ukijitazama kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki, usikione kizibo kimechomoza. Kilichochomoza kitagusa sponji ya helmeti, kitauma baada ya dakika 20, na mtikisiko wa helmeti utapitia humo humo kuingia sikioni. Wenye matundu madogo watafute saizi ndogo. Si ajabu pia sikio moja kuwa jembamba kuliko lenzake.

Helmeti nayo ina namna ya kuivaa baada ya hapo. Shika kamba zake mbili, zivute nje upande huu na huu ili helmeti ipanuke, iteremshe taratibu. Ukiisukuma kwa nguvu, inakunja sikio na kukisogeza kizibo.

Kwenye pakiti kuna namba ya NRR, yaani kiwango cha kupunguza kelele kwa desibeli, mara nyingi kati ya 25 na 33. Namba hiyo imepimwa maabara, kwa watu waliovalishwa kwa uangalifu. Hesabu ya tahadhari inayotumika kazini ni kutoa 7 kisha kugawa kwa 2: kizibo cha 33 kinakuwa 13. Bado ni faida kubwa sana. Kelele ya desibeli 97 inashuka hadi 84, na nusu saa ya usalama inakuwa siku nzima ya kazi.

Vizibo vya sponji si vya milele. Kisokote, kiachie, kitazame: kikirudi haraka kama mpira, au kikibaki kigumu, kimekwisha. Kwa kazi ya kila siku, usikivae kimoja zaidi ya siku chache. Vile vya silikoni vyenye ngazi tatu kama mti mdogo vinadumu miezi. Vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, vianike kivulini, vihifadhi kwenye kikopo chake. Usivitupe tu mfukoni pamoja na sarafu na funguo.

Je, utasikia honi?

Hili ndilo swali linalowazuia wengi, na ni swali la haki. Jibu ni kwamba kwenye mwendo, kizibo hupunguza upepo na honi kwa pamoja. Honi inabaki juu ya upepo kwa kiasi kile kile, ila sikio sasa halijalemewa, kwa hiyo wengi huona wanazitofautisha sauti vizuri zaidi: ving'ora, breki za lori, hata mlio mpya wa cheni iliyolegea. Mjini kwa mwendo wa 30, ambako upepo hauna shida, hali ni nyingine. Kariakoo unahitaji kusikia mkokoteni unaokuja nyuma yako. Hapo vinafaa vizibo vyenye kichujio, vinavyopunguza desibeli 15 hadi 20 na kuacha maneno yapite, au vitoe kabisa na uvivae tena ukifika Ubungo.

Kwa anayebeba abiria, malizana na habari ya kituo na nauli kabla ya kuvaa. Mwambie abiria: akigusa bega la kulia ni kata kulia, la kushoto ni kata kushoto, akigusa yote mawili ni simama. Abiria wengi wanaelewa mara moja, na safari inakuwa na amani kuliko kupigiana kelele kwenye upepo.

Pamba ya kawaida haifai. Inapitisha sauti karibu zote, inanyonya jasho, na nyuzi zake hubaki ndani ya tundu. Hedfoni za kuchomeka sikioni nazo si vizibo. Ili usikie muziki au simu juu ya upepo wa desibeli 90, lazima uupandishe muziki uupite upepo, na sikio linahesabu jumla. Ukitaka maelekezo ya ramani, weka spika nyembamba ndani ya helmeti na uvae vizibo chini yake. Sauti ya maelekezo itapenya kwa kiwango cha wastani.

Tambua mlio unakotoka

Kabla ya kununua kioo kipya au helmeti mpya, sikiliza. Kila kasoro ina sauti yake. Mluzi mwembamba hutoka kwenye kioo cha helmeti kisichokaza au kwenye matundu ya hewa. Mngurumo mzito, kama maji ya mto, hutoka chini ya kidevu na shingoni, au ni upepo uliovurugwa na kioo cha pikipiki, kile cha mbele cha kukinga upepo. Kupiga-piga ni kitambaa au kamba.

Majaribio yafanye alfajiri ya Jumapili kwenye kipande kilichonyooka kisicho na magari, kwa mwendo usiozidi 60, na kwa mkono wa kushoto tu, wa kulia ubaki kwenye mafuta. Bonyeza kioo cha helmeti kwa vidole viwili pembeni: mluzi ukikatika, tatizo ni raba ya kioo. Weka kiganja chini ya kidevu kuziba uwazi: mngurumo ukipungua, unahitaji kitambaa cha kidevu. Inuka kidogo kwenye vikanyagio, sentimita 10 hivi: kelele ikigeuka kuwa upepo laini usiotikisa kichwa, basi kioo cha pikipiki ndicho kilichokuwa kinakuletea upepo mchafu. Matundu ya hewa yazibe kwa tepu ya karatasi, moja baada ya jingine, ujue lipi linalia.

Helmeti

Inayobana vizuri ndiyo yenye utulivu. Pima kichwa kwa futi kamba ya fundi cherehani, sentimita 2 juu ya nyusi, ukizunguka sehemu pana zaidi nyuma. Sentimita 57 hadi 58 kwa viwanda vingi ni M, 59 hadi 60 ni L, lakini soma karatasi iliyobandikwa ndani maana vipimo vinatofautiana. Ivae dukani, funga kamba, shika sehemu ya kidevu, izungushe kushoto na kulia: ngozi ya mashavu inapaswa kwenda nayo. Helmeti ikizunguka peke yake, huku uso umetulia, iache. Kaa nayo dakika 15 usikie kama inauma paji la uso. Iliyolegea huinuliwa na upepo kwenye mwendo, ukingo wa chini unafunguka, na kelele zinaingia kama mlango umeachwa wazi. Siku ya ajali nayo inachomoka kichwani.

Sponji za mashavuni zilizolala zinaweza kufufuliwa. Zitoe, zioshe kwa shampuu ya mtoto, zikauke kivulini. Zikibaki bapa, fundi wa viti anaweza kuongeza sponji laini ya milimita 5 nyuma ya kitambaa cha shavu. Usiguse lile povu gumu jeupe, linalofanana na la maboksi ya samaki pale Feri. Hilo ndilo linalopokea kishindo. Ukilichonga ili spika zikae, au ukitoboa ganda la nje kuweka kamera, umeiua helmeti.

Raba ya kioo ipime kwa karatasi. Kata kipande cha upana wa sentimita 2, kiweke kati ya kioo na raba, funga, vuta. Kinapaswa kugoma. Fanya hivyo sehemu 5 au 6 kuzunguka kioo. Kikiteleza upande mmoja, kaza skrubu ya kioo upande huo kwa bisibisi, pole pole, kisha pima tena. Ukizidisha utavunja plastiki. Raba iliyokauka ifute vumbi kwa kitambaa chenye maji, ipake silikoni kidogo kwa ncha ya kidole. Petroli na thina visiguse kioo wala raba. Kioo cha polikaboneti huchanika nyufa ndogo ndogo, na usiku taa za magari zinakuwa ukungu mbele ya macho.

Kitambaa cha kidevu ni kazi ya cherehani ya dakika chache. Helmeti nyingi za bei nafuu huja bila nacho. Tafuta kitambaa kizito kinachovutika, au mpira laini wa nguo za kuogelea, kata kama mwezi mchanga wa urefu wa sentimita 28 na kina cha sentimita 8 katikati, chomeka ukingo wake kati ya sponji na ganda la mbele. Upepo unaopanda kutoka kifuani unagonga hapo badala ya kuingia. Gharama yake ni joto na ukungu wa pumzi, kwa hiyo kiwe cha kutoa. Mvua za masika zikianza, kivue ili kioo kisipate ukungu.

Vitu vidogo vinavyopigapiga usividharau. Ncha ya kamba ya helmeti iliyoachwa huru inagonga ganda mara nyingi kwa sekunde, tena karibu kabisa na sikio. Ipachike kwenye kifungo chake. Rifleta iliyo pana, kola ya koti, kofia ya koti la mvua: vyote vifungwe au viingizwe ndani. Kofia laini ya pamba nyembamba inayofunika kichwa na shingo, chini ya helmeti, huziba nafasi ndogo zilizobaki na kunyonya jasho. Kuwa nazo mbili, moja inakauka nyingine ikiwa kichwani.

Kioo cha pikipiki

Wengi hufunga kioo cha plastiki mbele wakitarajia utulivu, wakapata kelele zaidi. Sababu ni ukingo wa juu wa kioo. Upepo ukiuvuka unavunjika kuwa vimbunga vidogo, na vikitua usawa wa helmeti vinaitikisa na kunguruma kuliko upepo wazi. Kioo kifupi, ambacho upepo wake unatua kifuani, mara nyingi huacha kichwa kwenye hewa iliyonyooka na kelele yake ni ndogo. Kirefu kinachopeleka upepo juu ya helmeti nacho ni kizuri. Cha katikati ndicho kibaya. Kwa hiyo, kama inuka-kwenye-vikanyagio ilikupa utulivu, shusha kioo kwa sentimita 3 hadi 5, au kilaze nyuma kidogo, ujaribu tena. Acha pia uwazi wa sentimita 2 kati ya kioo na taa. Hewa ikipita hapo inapunguza vimbunga nyuma ya kioo.

Upepo wa jiji lenyewe

Kinachopiga helmeti ni mwendo wako pamoja na upepo wa mbele. Wakati wa kusi, ukiwa unatoka Bunju kuja mjini kwa 60 na upepo wa kilomita 20 unakuja usoni, helmeti inaona 80. Asubuhi hiyo hiyo kwenda Bunju ulikuwa mtulivu kwa sababu upepo ulikuwa mgongoni. Kupunguza mwendo kwa kilomita 15 ukikabili upepo kunapunguza kelele kuliko marekebisho mengi ya helmeti. Darajani Tanzanite upepo wa baharini huja ubavuni na kuingia chini ya ukingo wa helmeti upande mmoja. Inamisha kidevu kidogo, usitazame pembeni muda mrefu. Nyuma ya lori au basi kubwa hewa ni ya fujo kwa mita nyingi. Ama kaa mbali ama lipite kwa usalama, usibaki hapo nyuma.

Masikio yenyewe

Joto na unyevu wa Dar hupendwa na fangasi za masikio. Ukishavua vizibo, acha masikio yapate hewa. Baada ya mvua, inamisha kichwa maji yatoke, futa kwa kitambaa nje tu. Njiti ya kiberiti, ufunguo wa pikipiki na vijiti vya pamba visiingie tunduni; vinasukuma nta ndani na kuchubua ngozi. Sikio likiwasha, likitoa usaha au likiuma, acha vizibo mpaka lipone, na siku hizo punguza mwendo.

Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo kama mlio wa masikioni umebaki zaidi ya siku mbili, au nyumbani wanakulalamikia kwamba redio iko juu. Sikio moja likizima ghafla, hata bila maumivu, nenda siku hiyo hiyo, maana tiba yake inategemea siku za mwanzo. Muhimbili kuna idara ya masikio, na kipimo chenyewe hakiumi: unavaa hedfoni kwenye chumba kimya na kubonyeza kitufe kila usikiapo mlio. Mweleze daktari unaendesha saa ngapi kwa siku na kwa mwendo gani. Kuanzia jioni ya jana yake usipande pikipiki, ili uchovu wa muda wa masikio usichanganywe na uharibifu wa kudumu. Siku ya kupimwa, nenda kwa daladala.